Nimeanza kitabu changu cha picha mara tano na sijawahi kumaliza, nyinyi hukaa aje kwa kazi moja? (Kisumu)

Nyar_Winam

Habari zenu watu wangu, poleni posti ni ndefu lakini hii maneno nimeikalia muda na nyumbani sina mtu wa kuongea naye. Niko na miaka 24, naishi Manyatta hapa Kisumu, nilimaliza diploma ya ununuzi na ugavi mwaka juzi na kazi ya hio kozi haijawahi kutokea, so mchana nashikia mtu saiba pale Kondele, kuprinti, kulamineti vyeti, kujazia watu fomu, naingia saa 2 asubuhi natoka saa 1 jioni. Lakini kitu nataka kufanya tangu nikiwa darasa la nne ni kuchora vitabu vya watoto. Si katuni za siasa, si tatuu, vitabu vya watoto, vile mtoto anafungua ukurasa anaona soko la kwao na mama wa kwao.

Sasa vitu vyenye vinanirudisha nyuma. Mwaka jana mtu alinipata Instagram akasema ameandika kitabu, tukaelewana elfu 15 kwa kurasa 18, nikachora miezi miwili usiku baada ya kazi, akaniambia nimtumie faili zote kwa WhatsApp ili amwonyeshe mtu wa kuprinti, nikatuma, tiki zikageuka bluu na mpaka leo sijaona hata shilingi. Tangu hapo kuna kitu kilikatika ndani yangu, nikishika kalamu naskia sauti inaniuliza na hii nayo unachorea nani.

Alafu naanza sana na simalizi. Kwa simu niko na faili arobaini na kitu na karibu zote ni mtoto mmoja amesimama vizuri bila chochote nyuma yake. Nachorea kwa app ya ibisPaint, na hio simu ndio hio hio watu wa saiba wananitumia meseji, nikifungua meseji najipata Instagram, naona msichana wa Lagos wa umri wangu ameweka ukurasa umeiva kabisa, nakaa hapo dakika arobaini namwangalia, nikirudi kwa yangu naichukia nafuta. Siku zingine stima inapotea na chaji imebaki asilimia 9 na siku imeisha hivyo.

Na kuna mama. Mama anauza omena (dagaa) soko la Kibuye, hio omena ndio ilinisomesha. Sai tuko mwezi wa tano, uvuvi wa omena umefungwa mpaka mwisho wa mwezi wa saba, mzigo ni wa shida na pesa ya saiba ndio inashikilia nyumba. Juzi aliamka saa 6 usiku akanikuta na simu, hakunigombanisha, aliniuliza tu polepole, "Nyathina, hayo macho unaharibu, na ni nini inaingia?" Sikuwa na jibu na sijalala vizuri tangu siku hio.

Kuna hadithi nimeandika mwenyewe, ya msichana anaomba babake ampeleke ziwani usiku kuvua omena. Hii ndio nimeanza mara tano. Nataka kuimaliza. Wenye mmewahi kumaliza kitu kikubwa mkiwa na kazi ingine na shida zingine, mlifanya nini hasa?

---

Jamaa_wa_Kondele

Pole sana dada, hio ya kutolipwa imeniuma kama ni mimi. Lakini nitakuambia vile ningeambia dada yangu wa tumbo moja, sai nyumbani kwenu kunategemea wewe, weka hii kuchora kando kidogo, pambana na maombi ya kazi ya hio diploma, kaunti zikitangaza nafasi tuma, ukishapata mshahara wa maana utarudi kuchora ukiwa umetulia. Msanii na njaa hawakai nyumba moja. Sikukatazi, nasema tu kitabu kinaweza kungoja, kodi haingoji.

---

FundiBango_Naks

Mdogo wangu hapo juu ameongea kwa upendo na kuhusu saiba nakubaliana naye, usiiache. Watu hupenda kutoa mfano wa Gado, kwamba aliacha masomo ya usanifu wa majengo Dar es Salaam akawa mchoraji mkubwa, na ni kweli, lakini wanasahau kwamba 1992 alikuwa anaenda kwenye kazi, gazeti la Nation lilikuwa limemchukua. Hakuacha akaenda kukaa. Penye sikubaliani ni kungoja utulie. Mimi niko na miaka 51, nachora mabango hapa Nakuru tangu 1998, na hakuna mwaka nimewahi kutulia.

Nikueleze kuhusu ukuta. Zamani bucha, kinyozi, saluni, duka la dawa, wote walikuwa wanachorewa kwa mkono. Mwenye duka ananunua rangi mwenyewe, ananiambia kesho saa 1 nafungua. Mimi naanza jioni na taa, na kwa ukuta hakuna kufuta. Ukikosea sikio la ng'ombe unalifanya liwe jani, unaendelea, maana asubuhi mtu anafungua bucha yake ng'ombe awe na masikio au asiwe nayo. Hiyo ndiyo ilinifundisha kumaliza, si tabia nzuri wala maombi. Ilikuwa ni ukuta wenyewe, na kwamba kuna mtu anakuja asubuhi. Wewe kwa simu unaweza kufuta bila kulipa kitu, ndio maana una faili arobaini. Kwa hivyo naomba ufanye hivi, kitabu hiki chora kwenye karatasi. Nunua manila moja na rimu moja ya karatasi, kalamu nyeusi isiyochuja maji, basi. Stima ikipotea chora na mshumaa.

Ile manila igawe vijisanduku vidogo kama sanduku la kiberiti, kimoja kwa kila ukurasa, na uchore kitabu CHOTE humo ndani vibaya vibaya, watu wawe vijiti, mtumbwi uwe ndizi. Jioni mbili inatosha. Kisha ibandike ukutani mahali mama yako pia anaiona. Hapo utajua hadithi inakatika wapi kabla hujapoteza mwezi mzima kwenye uso mmoja. Wengi wa umri wako wanaanza na ukurasa wa kwanza, wanaupendezesha wiki tatu, wakifika wa pili nguvu zimeisha na mhusika amebadilika sura.

Kingine, usiku baada ya masaa kumi na moja ya saiba huna macho tena. Mimi kazi zangu nzuri zote nilizifanya saa 11 alfajiri hadi saa 12 na nusu. Lala saa 4, simu iache chumba kingine, amka chora kwa muda wa saa moja, funga, nenda kazini. Ukurasa ukiuchukia, usiuguse. Nenda wa mbele yake. Utarudi kuurekebisha zote zikiisha, na mara nyingi ukirudi unakuta haukuwa mbaya.

Ulisema pia mtu wa Lagos. Yalipokuja yale mabango ya kuprintiwa ya plastiki, mimi nilipoteza zaidi ya nusu ya wateja kwa miaka michache, nikawa nashinda Kenyatta Avenue naangalia mabango ya wengine naumwa na roho. Sikupona kwa kuacha kuangalia, nilipona siku shule moja ya chekechea upande wa Section 58 iliniita kuchora ukuta wa wanyama na herufi, nikawa na kazi ya kesho. Leo karibu kazi zangu zote ni kuta za shule. Ukiwa na ukurasa wa kesho asubuhi, huyo wa Lagos utamwangalia na utafurahi tu kwamba anachora vizuri.

---

Kurasa32

Fundi amesema vizuri sana. Mimi nafanya leiauti kwa wachapishaji miaka 9 sasa, kwetu ni Kisii ingawa nafanyia kazi Nairobi, acha niongeze upande wa kiwanda na upande wa pesa ju hapo ndio wachoraji wengi wanaumizwa.

Kwanza jina langu linakuonyesha, kitabu cha picha mara nyingi ni kurasa 32, sababu karatasi kubwa ya mashine inakunjwa inatoa kurasa 16, mbili zake 32. Toa kava ya ndani, ukurasa wa haki na wa jina, hadithi inabaki na kama 24 hadi 28. Ukiona 32 ni mlima fanya 16, nayo ni kitabu kamili na watoto wadogo haiwachoshi. Kwa hali yako ningefanya 16.

Pili, nina wasiwasi na zile faili zako za simu. Kama uliziweka saizi ya Instagram, yaani pikseli 1080, ujue kwa karatasi kwa ubora wa 300 dpi (nukta kwa kila inchi) hio ni kama sentimita 9 tu, kadi ya mwaliko. A4 inataka pikseli 2480 kwa 3508. Simu nyingi ukiweka saizi hio ibisPaint inakupunguzia idadi ya leya (zile tabaka za mchoro), na hii ni sababu ingine ya kuchora kwa karatasi kama Fundi alivyosema. Na wewe umekaa ndani ya saiba, skana iko hapo! Ongea na mwenye duka akuruhusu kabla hajafungua, skani 300 au hata 600, halafu rangi uweke baadaye kwa kompyuta na programu ya Krita, ni ya bure kabisa. Picha iache ipite mstari wa kukatia milimita 3 kila upande, la sivyo ukikatwa unabaki na kamstari keupe pembeni na kanaudhi.

Sasa huyo wa elfu 15. Dada, usimwache hivyo hivyo. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianza 2021 na Kisumu iko, inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, hauhitaji wakili na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Meseji za WhatsApp ni ushahidi, usifute kitu, piga picha za skrini na uzihifadhi kwa barua pepe. Kabla ya hapo mwandikie barua moja ya adabu, kiasi, tarehe mlielewana, siku 14 za kulipa. Wengi wakiona barua wanalipa.

Na hii nataka uishike sana. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema mtu akikuagiza kazi na hamkuandikiana kitu kingine, hakimiliki inachukuliwa imehamia kwake aliyeagiza. Wachoraji wengi hudhani ni kinyume. Ndio maana hata kazi ya elfu 2 andika, hata kama ni meseji tu ambayo yeye anajibu "nimekubali": haki zinabaki kwangu mpaka malipo yakamilike, nusu kabla sijaanza, robo kwa michoro ya penseli, robo kabla ya faili kubwa, marekebisho mara mbili, ya tatu inalipiwa. Mpaka pesa iingie M-Pesa tuma picha ndogo yenye jina lako limepita katikati. Hadithi yako mwenyewe ni tofauti, hio umeandika na umechora wewe, ni yako tangu siku imekuwa kwa karatasi, ukitaka uthibitisho unaisajili na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Kuhusu mashine za kutengeneza picha, zile za AI, najua utaulizwa, wateja wengine watazitumia na sitakudanganya. Lakini nimeletewa kazi za hivyo na mara nyingi nazirudisha, mtoto ana vitufe vitano ukurasa huu na vitatu ule, soko halina sura ya soko lolote la hapa, sufuria inakaa chungu cha sinema. Mtu anayejua omena inaanikwa aje bado tunamtafuta.

---

MamaPacha_Kk

Nyar Winam mimi ni wa Kakamega, niko na mapacha wa miaka mitatu na nachorea vitabu vya madarasa ya chini, nimesoma posti yako nikilia kidogo ju hio swali ya mama yako mimi niliulizwa na mama mkwe, kwa sauti ingine kabisa si ya upole hivyo.

Mama yako hakukataza kuchora, alikuuliza. Mtu anayeona mtoto wake na simu usiku wa manane anaona simu, haoni kazi. Mimi siku nilitoa michoro kwa simu nikaieneza mezani, mama mkwe alichukua mmoja akauweka karibu na dirisha akauliza huyu mbona amebeba kuni hivi, kuni hazibebwi hivi, akainuka akanionyesha na ufagio vile mgongo unakaa. Nikachora upya. Tangu siku hio yeye ndiye anachukua watoto nikiwa na kazi. Wewe una mama ambaye amekaa na omena miaka yote hio! Jumapili enda naye Kibuye na kijitabu kidogo, usichukue picha, chora. Chora mikono ikichambua, chora gorogoro vile inajazwa mpaka inafanya kilima, chora wanawake wakicheka. Nusu ya kitabu chako iko pale.

Na pale unasema unaanza na humalizi, mimi naona ni kwamba humjui huyo msichana wa hadithi bado. Unachora uso mpya kila mara ndio maana kila mara unaanza. Chukua karatasi moja, mchore mbele, nyuma, ubavu, amekaa, anakimbia, analia, amelala. Mpe vitu vitatu havibadiliki hata iweje, mimi yangu wa sasa ni pengo la jino, sweta iko na kiraka kwa kiwiko cha kushoto na kichwa kikubwa kidogo. Rangi chagua tano, ziandike. Sasa hata ukikaa siku nne bila kushika kazi, mtoto akiugua ama stima ipotee, ukirudi hauanzi upya, unamkuta yuko pale pale anakungoja. Hii ndio ilinisaidia kuliko ratiba yoyote, mimi saa 11 alfajiri siwezi Fundi nisamehe, hao wawili huamka saa 10, nachora wakilala mchana dakika 50, siku zingine 15, siku zingine hakuna.

Ukitaka mazoezi kabla ya yako, ingia African Storybook, hadithi nyingi huko ziko na leseni huria, unachukua moja fupi ya sentensi kumi unaichora yote. Ukitafuta mchapishaji watataka kuona mtoto yule yule akifanya vitu tofauti, hawaangalii sana mchoro mmoja mzuri, na tangu mtaala mpya uingie madarasa ya chini 2019 hivyo vitabu vinataka picha nyingi sana.

---

Jamaa_wa_Kondele

Nimesoma yote, hata mimi sikujua hio ya mahakama. Dada narudisha maneno yangu nusu, saiba ishikilie lakini kitabu usingoje. Na ukiandika hio barua ukitaka mtu wa kukusindikiza hadi mahakamani mimi niko hapa hapa mtaani.

---

Nyar_Winam

Nimerudi, zimepita wiki tatu na siku kadhaa. Sikujibu mapema ju nilisema sitaandika kitu hapa mpaka niwe na kitu nimefanya.

Nimechagua kurasa 16. Manila iko ukutani juu ya kiti mama hukalia, na Fundi ulisema ukweli, jioni ya pili nikaona hadithi yangu haikuwa na katikati, msichana alikuwa anaomba kwenda na ukurasa unaofuata wako ziwani, hakuna mahali baba anakataa. Mara tano zote nilikuwa nakwama hapo na nikidhani ni mkono wangu ndio mbaya.

Jumapili nilienda Kibuye na mama. Niliona aibu saa ya kwanza, watu wakija kuangalia, alafu jirani yake wa mezani akaniambia nimchore na yeye, nikachora, akamwita mwingine, nikajaza kijitabu. Mama hakusema kitu sokoni. Usiku nikiwa nimelala nikamskia amesimama mbele ya manila anahesabu visanduku kwa kidole. Asubuhi akaniambia, babake huyo mtoto lazima akatae kwa sababu ya mwezi, kukiwa na mwezi mkubwa omena haikuji kwa taa, wavuvi wanangoja giza. Kwa hivyo baba anamwambia ngoja mwezi uishe! Mtoto anakaa anangoja mwezi upungue, kila usiku anatoka kuuangalia. Hio ndio katikati yangu, imetoka kwa mama, na nimemwandika kwa ukurasa wa haki pamoja na mimi.

Barua nilituma kwa yule mtu, siku 14 zinaisha Alhamisi. Ametuma elfu 5 na kusema ingine inakuja, nangoja, isipokuja naenda. Jamaa asante, nitakutafuta.

Simu sasa inalala jikoni. Alfajiri naweza siku nne kwa wiki, zingine nimeshindwa. Kurasa tatu zimeisha na wino, mwenye saiba amekubali niskani kabla hajafungua. MamaPacha, msichana wangu ana kamba nyekundu kwa mkono, viatu vya babake vikubwa, na nywele upande mmoja zimefumuka.

Sasa niko na swali la kazi. Sifuati mpangilio, kesho ni ukurasa wa 11, mtumbwi uko katikati ya ziwa, hakuna mwezi, ni taa tu juu ya maji. Nimejaribu penseli mara mbili na kila nikiweka giza, maji yote yanakuwa meusi na mtoto anapotea. Taa ya usiku mnaichora aje kwa wino?

---

FundiBango_Naks

Usianze na giza. Anza na taa. Weka karatasi nyeupe kabisa pale taa iko na usiiguse mpaka mwisho, halafu vunja ule weupe vipande vipande juu ya maji ukija kwa mtumbwi, vipande virefu karibu na taa, vifupi mbali. Uso wa mtoto upande mmoja uache mweupe, upande wa pili mistari myembamba, isiyogusana. Nyeusi kabisa weka mahali pawili tu, chini ya mtumbwi na mgongo wa baba. Ziwa lingine lote lifanye mistari ya kulala, hata ikikosea ni mawimbi. Ukiweka rangi baadaye usitumie nyeusi kwa maji, tumia buluu iliyokolea na kijani kidogo.

Ukimaliza iweke hapa tuione.

---

MamaPacha_Kk

Na ile kamba nyekundu ya mkono, muweke huo mkono upande wa taa.